Lita Saba za Mabua Rock

Kile kijitabu walichochapisha mwaka jana kwa sherehe ya mwaka wa kumi wa Mabua Rock kimejaa uongo, na mimi nimechoka kunyamaza. Ukurasa wa tatu unasema tamasha "liliokolewa na mazungumzo ya wadau mbalimbali." Wadau gani? Mimi nilikuwepo. Tamasha liliokolewa na ng'ombe aitwaye Madam, na huyo ng'ombe ni wangu. Picha yake haimo. Picha ya chifu imo mara mbili, na katika moja amefumba macho.

Nilipomlalamikia Oyugi, mwanzilishi wa tamasha, alicheka tu. "Sasa Mama Joyline, si uandike yako? Tutaiweka kwa kijitabu cha mwaka huu."

Basi hii hapa. Nilifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja. Kalamu hainitishi, na uongo siuvumilii, isipokuwa ule wangu, ambao nitauungama hapo mbele.

Oyugi ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Kimumu. Mwaka wa 2014 alikuja huku kwetu, upande wa Moiben, kumtengenezea jirani yetu Mzee Kiprop geti. Geti lilipokamilika alisimama akiangalia shamba la ekari kumi na mbili. Mahindi yalikuwa yamevunwa, yamebaki mabua tu na ng'ombe wakijilia. Akauliza kama anaweza kupewa shamba hilo Jumamosi moja ili yeye na marafiki zake wapige muziki wa rock. Mzee Kiprop hakujua rock ni nini, na hakuona aibu kutojua. Alikubali kwa masharti mawili: shambani kwake hakuna shughuli inayoanza bila maombi, na hakuna jirani anayeachwa nje ya shughuli.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Oyugi aliwaalika vijana arobaini. Mzee Kiprop aliwaalika watu wa lokesheni nzima, eneo lote la chifu, kisha akaandaa jinsi anavyojua kuandaa, yaani kama harambee. Vijana wa fulana nyeusi na minyororo walipofika walikuta hema mbili, viti vyeupe vya plastiki vimepangwa kwa mistari, sufuria tatu za chai, na programu iliyopigwa chapa: maombi, utambulisho, neno la mwenye shamba, neno la chifu, neno la wazee, muziki, shukrani. Hayo maneno pekee yalichukua saa mbili na nusu. Mpiga dramu alilala na vijiti mkononi. Hadi leo Mabua Rock hufunguliwa kwa maombi, na wageni wa kutoka Nairobi na Kampala hudhani ni mzaha mpaka wamwone jamaa mwenye michoro shingoni amevua kofia na kuinamisha kichwa.

Mimi siku hiyo sikuwa na haja nao. Nilikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, na tulikuwa tumekataa mwaliko. Tulikuwa na mkutano wetu sebuleni kwangu, uzio mmoja tu kutoka kwa Mzee Kiprop. Muziki ulipoanza, vikombe vilitetemeka kwenye visahani. Kina mama wakaniangalia. Mama Chepkirui, katibu wetu, mtu ambaye hajawahi kuona jambo lisilohitaji kukemewa, akasema, "Chair, enda uambie hao watoto wapunguze hiyo kitu."

Nikaenda, leso nimejifunga kiunoni kwa vita. Langoni msichana mwenye pete puani akaniambia, "Karibu sana Mum," akanipeleka kiti cha mbele, na kabla sijafungua mdomo nikajikuta nimeshika kikombe cha chai. Sasa huwezi kumgombeza mtu ilhali umeshika chai yake. Nikaamua niimalize kwanza. Ilikuwa moto sana.

Nikiwa naipuliza, akapanda jukwaani msichana mwembamba anayeitwa Aketch. Akapiga gitaa noti nne zinazoshuka, akazirudia, akazirudia tena, halafu akafungua mdomo akapiga yowe. Wimbo wenyewe una neno moja tu: Sitaki. Alilipiga yowe neno hilo mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kilichonishangaza si kelele. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtu aliyemwuliza hataki nini. Hakuna aliyemwambia akae chini, wageni wanasikia. Watu walisimama wakampigia makofi.

Mimi nimelelewa kusema sawa. Nilisema sawa kwa baba, kwa mwalimu mkuu, kwa mkaguzi wa shule, kwa mchungaji na kwa mume wangu. Nilikaa pale na chai yangu nikalia, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ya harusi yangu. Mume wangu amesoma hapa na amesema niiache hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani nikawaambia kina mama kwamba nimewaonya vikali. Wakanipongeza. Palepale tukapitisha azimio kwamba hakuna mama wa kanisa letu atakayekanyaga Mabua Rock, na kila Jumapili ya kwanza ya Desemba tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe mbele ya kanisa, kwa sauti ya kutosha.

Na kila Jumamosi ya pili ya Desemba nilienda.

Nilimwambia mume wangu, Mzee Kiplimo, kwamba nina semina ya kina mama Ainabkoi, na kwamba simu huko zina shida ya mtandao. Nilitoka na Biblia na mkoba. Nyuma ya ghala la Mzee Kiprop nilivaa koti jeusi lenye kofia, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikasimama kando ya jenereta, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hasimami. Aketch na wenzake waliniita Mum wa Jenereta na hawakuniuliza mengi. Mara ya kwanza nilipojificha pale niligeuka nikakuta kando yangu amesimama Jeconia, mfanyakazi wetu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameomba ruhusa akamzike mjomba wake Siaya. Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno, si siku hiyo wala baadaye. Mjomba huyo amezikwa mara nane.

Shida ilikuwa maziwa. Madam, na kabla yake mama yake aliyekuwa na roho hiyohiyo, hakubali kila mkono. Jioni hutoa lita nane, lakini kwa masharti: umwoshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, upake mafuta kidogo, na umwimbie. Usipofanya hivyo anayashikilia maziwa juu na kukutazama kama mwalimu mkuu anayemtazama aliyechelewa, ndiyo maana tukamwita Madam. Nisipokuwepo hukamua Jeconia, ambaye anajua hizo adabu. Sasa Jumamosi ya tamasha mimi sipo, Jeconia yuko mazishini, na Madam hutoa lita moja. Lita saba hazionekani.

Mzee Kiplimo aliandika kwa makaa kwenye mlango wa zizi. Mwaka fulani, lita moja. Mwaka uliofuata, lita moja. Mwaka wa korona hakukuwa na tamasha, nami nilishinda nyumbani. Akaandika lita nane na kupiga mstari chini yake mara mbili.

"Unaona?" akaniambia. "Ni hiyo kelele."

Nikasema sawa.

Nilijua vizuri sana lita saba zilikokuwa. Zilibaki ndani ya ng'ombe, kwa sababu aliyemkamua siku hizo alikuwa yeye mwenyewe Mzee. Kila nikirudi nilikuta ndoo imebonyea, gambuti zimelowa maziwa na kufichwa nyuma ya tangi la maji, na juu ya goti lake alama ya kwato ambayo alidai amegongwa na mlango. Lakini kwa miaka yote Mzee Kiplimo amewaambia wazee wenzake kwamba mwanamume mwenye mke hashiki chuchu ya ng'ombe. Hangekiri hata kwa dawa. Na mimi ningeanzia wapi? Nikimwuliza nani amekamua, ataniuliza Ainabkoi tulifundishwa nini.

Hivyo ndivyo tulivyofika Novemba ya mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya tamasha la kumi. Mzee Kiplimo alisimama kwenye baraza la chifu akasoma hesabu yake ya mlangoni, mwaka kwa mwaka, pamoja na ule wa korona. Wafugaji wengine wawili wakasimama wakasema hata wao wanashuku. Chifu alikuwa na barua ya kibali cha tamasha mfukoni, haijatiwa sahihi. Akasema haitaguswa na kalamu mpaka jambo la maziwa liishe.

Jioni hiyo Aketch alinifuata nikikata majani ya ng'ombe. "Mum, hii ikikataliwa tumekwisha. Mzee Kiprop amesema hawezi gombana na majirani. Hatatupea shamba tena, ever." Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu anayepiga mayowe namna ile jukwaani, kumbe huku chini analia kimyakimya.

Ningeweza kuyamaliza mambo hayo kwa sentensi mbili, lakini zingemaliza pia uenyekiti wangu, jina langu kanisani, na amani ya nyumba yangu. Nikamwambia Aketch tutaomba. Nilijichukia kwa jibu hilo.

Halafu mzee mmoja wa miwani akaleta wazo: bendi ije ipige zizini kwetu Alhamisi saa kumi na moja jioni, Madam akamuliwe mbele ya chifu, na maziwa yapimwe. Nilifurahi karibu niruke. Nitakamua mimi, zitatoka lita nane, kibali kitatiwa sahihi, na hakuna atakayeungama chochote. Nililala vizuri wiki nzima.

Alhamisi zizi lilijaa. Alikuja chifu, wakaja wazee wanne, akaja Mama Chepkirui na kina mama sita waliotaka kuona tamasha likifa. Spika mbili kubwa ziliegemezwa uzioni. Kwa kuwa ilikuwa shughuli, Mzee Kiprop alisisitiza tuanze kwa maombi, na chifu akaona asipite bila kusema machache. Madam alingoja.

Mwishowe nikaketi kwenye kigoda. Bendi ikaanza na wimbo wa fujo tupu. Madam akatingisha sikio moja akaendelea kutafuna. Wazee wakatikisa vichwa. Nikachovya kitambaa kwenye maji, sijamgusa bado. Ndipo Aketch, kwa nia njema kabisa, akapiga zile noti nne zinazoshuka.

Madam aliacha kutafuna. Akageuza kichwa upande wa spika, akatanua miguu ya nyuma, akashusha pumzi ndefu, na maziwa yakaanza kutiririka yenyewe, chuchu zote nne, kwenye sakafu ya simiti, nami nimeshika kitambaa hewani.

"Ndoo, Mama! Weka ndoo!" chifu akapaza sauti.

Nikaweka ndoo. Zilitoka lita tisa, ukiacha zilizonywewa na sakafu.

Kuna jambo moja nililokuwa nimelisahau katika hesabu zangu. Kwa miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, peke yangu zizini, wimbo niliokuwa nikimwimbia Madam haukuwa wa kanisa.

Mama Chepkirui ndiye wa kwanza kufikiri. "Chief," akasema polepole, "hiyo ng'ombe inajua hiyo wimbo."

"Naona," chifu akasema.

"Imejulia wapi?"

Nikainama nikakamua kwa bidii ambayo haikuhitajika. Chifu alitaka kwenda nyumbani; alisema kazi ya ofisi yake si kujua ng'ombe anajua nini, kelele haijapunguza maziwa, na sasa atatia sahihi. Alikuwa ameshatoa kalamu wakati yule mzee wa miwani alipoinua mkono.

"Ngoja kwanza. Kama kelele haina makosa, hizo lita saba huenda wapi? Mama huwa Ainabkoi. Nani hubaki na ng'ombe?"

Macho yote yakamgeukia Jeconia.

"Mimi siku hizo sikuwa," Jeconia akasema. "Nilikuwa kwa mazishi."

"Ya nani?"

"Mjomba."

"Mwaka gani?" chifu akauliza.

Jeconia akafikiri, akaona hakuna jibu zuri. "Yote," akasema.

Wazee wakaguna. Mzee Kiplimo alikuwa akitazama gambuti zake. "Huyu anauza maziwa yako, Kiplimo," mzee wa miwani akasema. "Mfukuze leo leo."

Jeconia alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Ana watoto watatu shuleni. Angesema neno moja angejiokoa, na hakulisema. Nikasimama, maziwa yakinichirizika mkononi.

"Sitaki!"

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. Hata Madam aligeuka.

"Sitaki Jeconia aitwe mwizi. Hakuna semina Ainabkoi. Haijawahi kuwa. Mimi huwa hapo kwa Mzee Kiprop, kando ya jenereta, nimevaa koti ya kofia, na huo wimbo ni mimi nimefundisha hii ng'ombe. Sasa mmejua."

Mama Chepkirui alishika kifua. "Na ile tangazo, Chair? Si ni wewe hutusomea?"

"Nilisoma vizuri ama sikusoma?"

Aketch alicheka, akajiziba mdomo. Chifu, kalamu bado hewani, akauliza swali ambalo nilitumaini amelisahau: kama mimi sikuwepo na Jeconia hakuwepo, nani alikamua? Aibu yangu ilikuwa yangu kuimwaga. Ya Mzee Kiplimo haikuwa yangu. Nikasema sijui.

Mzee Kiplimo akakohoa. "Ni mimi," akasema. Akakohoa tena. "Mimi ndio hukamua. Hiyo ng'ombe inanipiga mateke tangu wakati wa mama yake." Kisha akapandisha suruali mpaka juu ya goti na kuwaonyesha wazee alama moja baada ya nyingine.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa miwani alivua miwani, akaipangusa, akasema kwamba hata yeye, mkewe akienda kumwona binti yao, hukamua, ila hufunga mlango. Wazee wengine wawili wakaangalia kando kwa namna ambayo kila mtu alielewa. Chifu akatia sahihi juu ya kifuniko cha mtungi wa maziwa. Hayo ndiyo mazungumzo ya wadau.

Walipoondoka wote tulibaki tukiosha ndoo. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na majibu.

"Ule mwaka Madam mkubwa, mama ya huyu, alinipiga teke la kwanza," akasema, "nilikuja huko kuwaambia wapunguze sauti. Nikakuona. Ulikuwa unaruka."

"Na hukusema kitu?"

"Nilirudi nikakamua." Alisugua ndoo mahali palepale, palipokuwa safi tayari. "Nilifikiri mwaka ujao utaniambia twende. Kila mwaka nangoja, kila mwaka unaniambia Ainabkoi. Nikaona heri hiyo tamasha iishe kabisa, sote tukae nyumbani."

Nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa mara ya pili kwa sababu ya ile bendi, na mara hii haikuwa furaha.

Kanisani walinisimamisha uenyekiti miezi mitatu, kisha wakanirudisha kwa kuwa mikutano ya Mama Chepkirui ilikuwa haiishi. Na tamasha la kumi likafanyika, watu elfu nane, kwa programu iliyoongezwa jambo moja ambalo kijitabu hakikuona haja ya kulitaja: saa kumi na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu, mapumziko ya kukamua. Wageni wa Nairobi walicheka mpaka walipoona nusu ya safu za mbele ikisimama na kuondoka kwa haraka kupitia kwenye mabua. Jukwaani alibaki Aketch peke yake, akipiga zile noti nne polepole, kwa ajili ya ng'ombe wa pande zote.

Mimi na Mzee tulikimbia nyumbani, yeye akakaa upande wa kushoto na mimi wa kulia. Aliimba vibaya. Madam alimpa lita mbili, ambazo amezitaja kwa kila mtu kuanzia Moiben hadi mjini.

Tuliporudi tulikaa viti vya mbele, hadharani. Jeconia alikaa nyuma yetu, mjomba wake akiwa amepumzika kwa amani mwishowe. Mzee Kiplimo alikuwa amekunja mikono, kofia magotini, uso wa mtu aliye kwenye mazishi ya kiserikali. Aketch akaanza. Mzunguko wa kwanza Mzee hakutikisika. Wa pili, akaweka kofia chini. Wa tatu alisimama, mtu wa miaka sabini na miwili, akafungua mdomo akapiga yowe, "Sitaki!" mpaka sauti ikakatika.

Watu wakampigia makofi. Sikumwuliza hataki nini.